Simu imejaa ushauri wa afya ya akili lakini msaada wenyewe sijaupata

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe mana kuna watu wangu wa karibu wanasoma hii safu. Ntaandika ndefu kidogo, nivumilie.

Ni miezi sasa siko sawa. Sio kwamba kuna msiba au nimeachwa, kazi ninayo, naishi na dada yangu mkubwa na tunaelewana vizuri tu, ila asubuhi naamka mwili mzito, vitu nilivyokuwa navipenda sivitaki tena, simu ya rafiki inaita naiangalia mpaka inakata halafu baadae naandika "sori nilikuwa bize" na wala sikuwa bize, nilikuwa nimelala naangalia ukuta. Usingizi wenyewe unakuja saa tisa usiku, saa kumi na moja niko macho tena. Kazini nacheka na watu kama kawaida, hakuna hata mmoja anayejua.

Basi nikaanza kutafuta msaada mtandaoni na huko ndo nilikopotelea kabisa. Nina folda kwenye simu nimeipa jina Kupona, humo kuna video, picha za maneno ya kutia moyo, mazoezi ya kupumua, podikasti za masaa mawili ambazo sijawahi kumaliza hata moja, na apu kibao, kuna ya kutafakari, kuna ya usingizi, kuna moja ya kuandika hisia ambayo kila baada ya muda inaniuliza unajisikiaje, sasa si nishakwambia vibaya jamani. Kila usiku naongeza vitu kwenye folda. Video moja inasema hii ni sonona, nyingine inasema ADHD (ile ya akili kushindwa kutulia na kuwa makini), nyingine inasema ni majeraha ya utotoni, nyingine inasema tatizo langu siamki mapema, niamke saa kumi na moja alfajiri maisha yatabadilika. Saa hiyo mi mbona niko macho kila siku anti.

Nimefanya na vile vipimo vya maswali tisa. Mara napata 7, mara 16, mara 11. Sasa mimi ni yupi hapo?

Halafu kuna kocha mmoja wa akili ana wafuasi wengi balaa, anasema kwa vikao vinne anaitoa sonona yote na mizizi yake, ila unalipa zote mwanzoni na hairudishwi. Kuna rafiki yangu nae alishawahi kutibiwa sonona, kanigawia vidonge vyake vilivyobaki, viko kwenye droo sijavigusa. Na siku hizi usiku naongea sana na roboti ya akili bandia, yenyewe haichoki wala hainishangai, mara nyingine natamani nilale tu nisiamke ila sio kwamba nataka kufanya kitu chochote usinielewe vibaya, nayo inanijibu vizuri tu. Dada nilimgusia siku moja akaniambia najiendekeza, nipunguze simu.

Maswali yangu ni haya. Msaada wa kweli nautambuaje humo ndani na huu utitiri wote? Apu gani ni nzuri? Huyu kocha nimlipe? Na hivi kweli nimefikia hatua ya kwenda kwa daktari au naenda kumpotezea muda tu, mana kuna watu wana shida kubwa kuliko yangu.

Mdogo wako,
Nimechoka Kutafuta

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana.

Barua yako nimeirudia, na kilichonirudisha ni ile sentensi ya kutamani ulale usiamke, umeichomeka katikati ya habari za roboti kama mtu anayepitisha mzigo getini asikaguliwe. Mi naukagua. Wala sijakuelewa vibaya, nimekuelewa sawasawa. Watu wengi wenye sonona wanapitia hilo wazo, kutamani tu yote yakome bila kuwa na mpango wowote, na madaktari wanalichukulia kama jambo la kuzungumzwa, hakuna anayekuona mwendawazimu wala anayekimbilia kukufungia. Lakini halikai pembeni likasubiri tumalize habari za apu, kwahiyo tunaanza nalo.

Nakuuliza wazi: umewahi kufikiria namna ya kujiua? Kuna kitu umekiandaa, au umekiweka karibu kwa ajili hiyo? Kuuliza hivi hakumpandikizii mtu wazo, hilo limeshaangaliwa sana na watafiti, kinyume chake watu wengi wanapumua wakiulizwa. Kama jibu ni ndio, hata ndio ya nusu nusu, basi acha kusoma hapa, usikae peke yako, mwamshe dada hata kama ni saa tisa usiku na umwambie kwa maneno hayohayo sio kwa mafumbo, mwende hospitali yoyote yenye idara ya dharura au mpige namba ya dharura ya mlipo. Na vile vidonge vya rafiki vitoke kwenye droo leo, mpe dada avihifadhi mbali na wewe mpaka vipelekwe famasi wakaviteketeze. Hata kama jibu ni hapana, vidonge vitoke tu, mana usiku mbaya hautoi taarifa.

Namba za simu za kusikiliza watu zipo nchi nyingi. Usizichukue kwenye picha inayosambazwa, nyingi zimeshakufa au ni za nchi nyingine, nenda kwenye tovuti ya Befrienders Worldwide au ya Find A Helpline, unachagua nchi yako unaona zinazopatikana. Ukizipata, jaribu mchana ukiwa na nafuu, usisubiri siku umeelemewa ndo ugundue hawapokei au wanafunga jioni. Inayopokea uisevu kwenye simu kwa jina la kawaida, ukimpigia mtu wa huko huhitaji kuwa na sababu kubwa, unasema tu "usiku huu ni mgumu" wao ndo kazi yao.

Haya sasa tuje kwenye folda.

Ntakwambia kitu ambacho hutokipenda: mi naona kutafuta kwenyewe kumeshakuwa sehemu ya kinachokuumiza. Angalia unavyofanya, usiku usingizi haupo, unaumia, unafungua simu, unapata video inayokuelezea vizuri mpaka unashtuka, roho inatulia dakika kadhaa, unaisevu, halafu inakuja nyingine inayosema kitu tofauti unaanza upya. Ile nafuu ya kusevu inakupa hisia kwamba umefanya jambo, na asubuhi hakuna kilichofanyika isipokuwa umelala masaa mawili. Sikulaumu, sonona inakula nguvu za kuamua, na kusevu hakuhitaji kuamua kitu. Ila huna upungufu wa taarifa mdogo wangu, hapo ulipo taarifa unazo mpaka zinamwagika, unachokosa ni binadamu mmoja anayekujua kwa jina, atakayekuangalia leo na kukuangalia tena baada ya wiki mbili akaona kama umesogea au la. Kila nyenzo utakayoiona kuanzia sasa ipime kwa hilo, je inanisogeza kwa huyo mtu au inanibakiza kitandani na simu?

Kwahiyo folda usiifute, utapata uchungu bure. Iache tu, usiongeze kitu wiki mbili.

Sasa kuhusu vile vipimo vyako mana hapo nimekuona unateseka bure. Maswali tisa uliyoyafanya nadhani ni PHQ-9, kila swali lina alama 0 mpaka 3 na jumla yake 27. Ni kipimo cha kweli, kilitengenezwa na Spitzer, Williams na Kroenke na kikachapishwa 2001, kampuni ya dawa ya Pfizer ndo iliyotoa hela za kukitengeneza (hilo ujue tu) lakini kinatumika bure na madaktari dunia nzima wanakitumia. Tatizo liko kwenye namna ya kukijaza. Pale juu kabisa kimeandikwa kwamba kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, siku ngapi umesumbuliwa na hiki au kile ndani ya hizo wiki. Wewe nahisi unakijaza saa nane usiku unajibu kuhusu saa nane usiku, halafu siku nyingine umecheka kidogo kazini unajibu kuhusu kicheko. Ndo maana unapata 7 na 16. Kaa mchana, chukua kalenda, fikiria wiki mbili zote, jaza mara moja, andika namba na tarehe, halafu usikiguse tena mpaka wiki mbili nyingine zipite. Kuanzia 10 na kuendelea ndo kiwango ambacho kwa kawaida daktari anataka akae na wewe mzungumze vizuri, na 10 yenyewe bado sio hukumu kwamba una sonona, kipimo kinachuja tu. Lile swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujiumiza, halisubiri jumla. Ukiweka chochote zaidi ya 0 pale inatosha kumwona mtu hata kama jumla yako ni 5. Na kwa ulichoniandikia, pale huweki 0.

Kwahiyo swali lako la mwisho nimeshalijibu, ndio umefikia hatua ya kwenda kwa daktari. Tena umeshapitiliza. Hiyo ya "wengine wana shida kubwa kuliko mimi" ni sonona inayoongea, inapenda sana kukuondoa kwenye foleni. Mtu hasumbuliwi na jino akasema nisiende kuna waliovunjika miguu.

Huna haja ya kuanza kwa bingwa wa magonjwa ya akili. Anza na daktari wa kawaida, kliniki yoyote unayoiamini. Na sababu ya kuanza na daktari sio ya kiakili tu, kuna magonjwa ya mwili yanajifanya sonona bila aibu, tezi ya shingoni ikifanya kazi polepole inakuchosha na kukushusha moyo, upungufu wa damu hivyohivyo, upungufu wa vitamini B12 hivyohivyo, na kuna dawa za magonjwa mengine zinazovuruga hisia. Hakuna video itakayokupima damu.

Ukiingia pale najua kitakachotokea, daktari atauliza "tatizo nini" utasema "uchovu na usingizi" utapewa vitamini utarudi nyumbani. Wengi inawatokea, wanasema kile chepesi kusema. Kwahiyo andika kabla kwenye karatasi au kwenye simu na uisome hivyohivyo ukiwa umeinamisha kichwa ukipenda, hakuna anayejali:

"Daktari, ni miezi kadhaa sina furaha na vitu nilivyovipenda. Nalala saa tisa naamka saa kumi na moja. Nakwepa watu. Nina mawazo ya kutamani nisiamke, sina mpango wa kujidhuru. Nimejaza PHQ-9 nikapata alama hizi tarehe hii. Naomba msaada wa hilo, sio la usingizi peke yake."

Ukisoma hayo mpaka mwisho mazungumzo yanabadilika. Atakuuliza kuhusu pombe na vitu vingine unavyotumia, mwambie ukweli. Atakuuliza pia kama kuna vipindi uliwahi kuwa na nguvu kupita kiasi, hulali na huchoki, unaongea haraka, unatumia hela hovyo, unaona unaweza kila kitu. Swali hilo lisikushangaze, anatafuta kama kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka, ule wa baipola, mana mtu wa hivyo akimeza dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu vibaya. Umeona sasa kwanini vidonge vya rafiki ni hatari hata kama rafiki mwenyewe vilimponya? Yeye aliulizwa hayo maswali, wewe bado. Na dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile, nyingi zinachukua wiki kadhaa ndo uone tofauti, mwanzoni unaweza kuonja madhara madogo kabla ya faida, na ukizianza haziachwi ghafla kwasababu tu umejisikia vizuri. Kwahiyo hata kama vingekuwa ni vyenyewe kabisa unavyovihitaji, mabaki ya droo yasingekufikisha popote.

Sio kila anayekwenda anapewa dawa lakini. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo kwa sonona ya kawaida na ya wastani inafanya kazi vizuri, na hapa kuna majina yanachanganya watu nikueleze haraka. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, anaandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia, kazi yake kubwa ni mazungumzo na vipimo vyake, nchi nyingi haandiki dawa. Mshauri nasaha anategemea amesomea nini na wapi, wapo wazuri sana. Kocha, hilo jina halimaanishi kitu kisheria sehemu nyingi, naweza kuamka kesho nikajiita kocha na hakuna atakayenikamata.

Ambayo haimaanishi lazima shahada ndo iponye. Zimbabwe kuna mpango unaitwa Friendship Bench, ulianzishwa 2006 na daktari bingwa wa akili Dixon Chibanda, wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi ni akina bibi waliofundishwa kusaidia mtu achambue tatizo lake moja moja. Wakaupima kwenye utafiti wa watu 573, matokeo yakatoka 2016, baada ya miezi sita waliokaa na hao bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ila angalia tofauti yao na kocha wako: wamefundishwa utaratibu uliopimwa, wana wa kuwasimamia, na akija mtu aliye kwenye hatari wanajua wampeleke wapi.

Kwahiyo kocha usimlipe. Mtu yeyote anayekuahidi idadi ya vikao vya kumaliza sonona kabla hajakuuliza hata unalala saa ngapi anakuuzia ndoto, na anayetaka hela zote mwanzoni bila kurudisha anajua kuna watakaotaka kuondoka. Ukimpata mtu mwingine, kocha au mwanasaikolojia au yeyote, muulize kabla ya hela: umesajiliwa na chombo gani, ukikutana na mtu mwenye mawazo ya kujiua unafanyaje, siri zangu unazitunza mpaka wapi, na tutajuaje kama hii kitu inanisaidia au hainisaidii. Mtaalamu wa kweli hayo maswali hayamkeri, tena hilo la siri atakwambia mwenyewe kwamba kuna mpaka, kama maisha yako au ya mwingine yako hatarini atalazimika kumwambia mtu. Anayekujibu "kwangu siri asilimia mia hata iweje" huyo muogope.

Apu sasa. Nitakuwa mfupi hapa mana umezipa nafasi kubwa kuliko zinavyostahili. Baki na moja ya kupumua au usingizi kama inakutuliza, nyingine zima arifa zake au zifute, hiyo inayokuuliza unajisikiaje ifute leo. Kabla ya kuandika siri zako popote angalia wanafanya nini na taarifa zako, mana hata wakubwa wameguswa, mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya tiba ya mazungumzo mtandaoni, walikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kuwadai kwamba walipeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo. Kosa hawakulikubali, hela wakalipa.

Ukitaka kitu kimoja cha bure cha kukaa nacho mpaka siku ya daktari, Shirika la Afya Duniani WHO walitoa 2020 mwongozo wa picha kuhusu kukabiliana na msongo, una mazoezi ya kusikiliza, unachukua dakika chache kwa siku na umetafsiriwa lugha nyingi, uko kwenye tovuti yao. Mi naupendea kwamba hauahidi makubwa. Ndo hapo pia utambue kurasa nzuri na mbaya: nzuri inasema nani kaandika, lini imehakikiwa, na inakwambia mpaka hapa ni mimi, dalili zikiwa hivi funga ukurasa nenda hospitali. Ile ambayo kila tatizo linaishia kwenye bidhaa yake hata kama maelezo ya katikati ni ya kweli, pita nayo mbali. Kurasa za NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) na NIMH (taasisi ya afya ya akili ya Marekani) ni nzuri kwa kuelewa ugonjwa ingawa namba zao za simu ni za kwao, usizitumie.

Na video za ADHD, watafiti wa Kanada mwaka 2022 walichukua video 100 za TikTok za ADHD zilizopendwa zaidi wakakuta 52 zinapotosha. Mtu anayelala masaa mawili akili itaruka ruka tu, atasahau vitu, hataweza kumaliza podikasti. Huenda unayo ADHD mi sijui, lakini huwezi kulijua hilo kabla usingizi haujarudi.

Hiyo roboti ya usiku siwezi kukukataza, najua nyumba ikishalala hakuna mwingine, na kuna watu imewasaidia kupanga maneno waliyoshindwa kuyasema. Itumie kwa hiyo kazi basi, iombe ikusaidie kuandika ile karatasi ya daktari. Ila umeniambia mwenyewe uliiambia unatamani usiamke ikakujibu vizuri, halafu? Hakuna aliyegonga mlango wako. Kutokushangaa unakokupenda ndo udhaifu wake, kuna maneno yanatakiwa yamshangaze mtu. Na zinakosea, 2023 huko Marekani shirika la NEDA linalosaidia watu wenye matatizo ya ulaji lilibidi liizime roboti yake Tessa baada ya kukutwa inawashauri watu hao hao namna ya kupunguza uzito.

Tuje kwa dada. Alikujibu vibaya lakini nikuulize, ulimwambia nini hasa? Umesema ulimgusia. Watu wakigusiwa wanajibu kile walichogusiwa, nadhani alisikia "nimechoka choka, silali" akajibu ya simu. Mpe nafasi nyingine na safari hii usimwombe ushauri, mwombe kazi, watu wa aina yake wanaweza kazi kuliko maneno. Mwandikie kama mdomo unashindwa: "Dada, nina tatizo la kiafya, sio uvivu. Nina mawazo mabaya usiku na yananitisha. Sihitaji unishauri, nahitaji unisindikize kliniki siku fulani na ukae nje unisubiri." Weka siku kabisa. Ukiacha "siku moja tutaenda" haitafika. Na kama bado atasema unajiendekeza itauma sana na utaenda hivyohivyo, kuna rafiki huyo wa vidonge ambaye ameshapita njia hii na anajua kliniki ilivyo, yeye atakufaa kwa kukusindikiza kuliko kwa droo.

Mpaka siku hiyo ifike kuna kitu kidogo cha kufanya, kinatoka kwenye tiba ya mazungumzo na hakihitaji uwe na hamu, mana hamu kwenye sonona inakuja baada ya kitendo, ukiisubiri ije kwanza utasubiri sana. Chagua kitendo kimoja kidogo mpaka kinachekesha, kipe saa, kifanye hata kama huoni maana. Kwako mi nakuchagulia. Rafiki mmoja tu, yule mnayeelewana, badala ya "sori nilikuwa bize" mwandikie "sikuwa bize, siko vizuri siku hizi na sikuwa na nguvu ya kuongea, ila usiache kunipigia." Tuma, weka simu chini, usikae unaangalia kama kasoma.

Kingine, daktari wa kwanza akikupuuza au mwanasaikolojia wa kwanza mkashindwana, hilo linatokea na linakatisha tamaa kweli kwa mtu ambaye kufika pale tu kulimgharimu. Unaruhusiwa kwenda kwa mwingine. Vikao viwili vitatu vinatosha kujua kama mtu anakusikiliza, na unaweza kumwambia usoni "hii njia naona hainisaidii" wengi wanabadilisha. Ila usimwache yule wa kwanza kabla hujapata wa pili, hasa kama ameshakuanzishia dawa.

Hilo la kuamka saa kumi na moja kila siku mtajie daktari kwa saa yake hivyo ulivyoniandikia, mana kuamka mapema kuliko unavyotaka na kushindwa kurudi usingizini ni dalili wanayoijua vizuri kwenye sonona, inamsaidia. Ukisharudi niandikie alisemaje, barua yako inayofuata naisoma kabla ya nyingine.

Anti